Mahali Alipochagua Kulala

Mume wangu alikuwa Mnorwe. Alipenda kusimulia habari za baba wa babu yake, mwanasheria wa karne ya kumi na tisa aliyekuja kuwa mbunge. Mke wake alibaki shambani na watoto, mzee akakaa mji mkuu akibishana bungeni ili mjane asiamuliwe mambo yake na ndugu wa mume.

"Angekuja huku Uluguru tungemtoza mbuzi," mjomba wangu alimtania.

"Kwa kosa gani, mjomba?"

"Kutufundisha tulichokwisha kukijua! Huku ardhi ni ya akina mama. Wewe mwenyewe tumekukaribisha tu, mkwe."

Walicheka mpaka chai ikapoa.

Nieleze kidogo. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Watoto ni wa ukoo wangu, shamba vilevile. Mume ni mgeni wa heshima, na akifa, wenye kauli ni ndugu wa tumbo la mama yake. Wangu alijua hayo, lakini alikwisha kuchagua mahali pake: chini ya migomba, kando ya mfereji, unapoona mji wote wa Morogoro. Alinionyesha mimi peke yangu.

Moyo wake ulisimama asubuhi moja akimwagilia miche ya nyanya.

Wifi yangu alifika kutoka Norwe. Wazee walikaa uani. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mkeka, maana mfiwa hasemi kikaoni. Nilimsikia mjomba akimwambia wifi, na binti yetu akitafsiri: "Mama, huyu ni wenu. Sema wewe azikwe wapi." Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Wifi alinyamaza sana. Kisha akasema atamrudisha kwao.

Baada ya mazishi alinipigia simu. "Nilidhani mnanikabidhi kwa sababu hapo kwenu hana nafasi," alisema. "Kwetu mjane ndiye anayeamua. Nilikuwa nasubiri neno lako, wifi."

Nilimshukuru. Habari ya migomba sikumwambia.

Jioni mjomba alikuja, akaketi kizingitini.

"Wamemlaza vizuri?"

"Vizuri, mjomba. Jirani na yule baba wa babu yake, mbunge."

"Alhamdulillahi. Basi tulimtendea haki."

Alinitazama akingoja niitikie. Ni mzee, na alimpenda mno.

"Ndiyo, mjomba," nikasema, nikamwekea chai. Nje, maji ya mfereji yalikuwa yakipita chini ya migomba.