Kaunta buku la Bi Mwanahamisi

Leo nimezima kituo cha afya kwa mkono wangu mwenyewe. 🙈

Wiki nzima nawatambia watu hapa Kibaha: seva tatu zinazoendesha mfumo wa wagonjwa, storeji moja ya pamoja inayotunza data zao, bila hiyo hakuna seva inayofanya kazi. Seva moja ikifa, wenzake wanapokea kazi, mgonjwa hajui kitu.

Asubuhi nikawaambia mapokezi najaribu mitambo, nikazima ekstensheni ya seva ya kwanza.

Zikazima zote.

Storeji ina nyaya mbili za umeme, mmoja ukikatika wa pili ushike. Mimi nilizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni ileile. Haya, chekeni.

Nikakimbilia mapokezi nikitegemea kelele. Foleni inatembea! Bi Mwanahamisi, mama wa Kisarawe anayeandikisha wagonjwa, anaandika kwenye kaunta buku. Lile nililomwambia juzi alitupe.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nenda kawashe, mwanangu. Hawa ninao."

Mitambo iliporudi, nikakaa naye kuingiza majina kwenye kompyuta. Juu ya ukurasa, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kaandika:

"Leo mwanangu anajaribu mitambo yake. Mungu amfanyie wepesi."

Nimetoka kununua ekstensheni ya pili.

Na kaunta buku jipya.