Karatasi ya Vidole Tisa

Fundi Shaba ana kinyongo, na wala hakionei haya. Ukimuuliza atakwambia mwenyewe kwamba yuko mtu mmoja ambaye hajamsamehe, na kwamba hana mpango wa kuanza leo. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, miwani yake imefungwa bawaba kwa waya wa shaba, na kazi yake ni kuzungushia waya transfoma za inveta, zile mashine zinazochukua umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka uweze kuwasha friji. Duka lake lina upana wa mlango mmoja na nusu. Wateja wake wanajua sheria moja tu: ukimkuta midomo inachezacheza, usimsalimie. Anahesabu mizunguko, na ukimpotezea hesabu atakutolea uvivu hapo hapo, uwe nani.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, mtu mpole aliyepoteza ncha ya kidole kwenye mashine ya kuzungushia waya, akaitwa Vidole Tisa mpaka anaingia kaburini. Vidole Tisa hakuwa na cheti cha maana. Alikuwa na subira, simu yenye kioo kilichopasuka, na ukurasa wa mtandaoni ambao yeye na mafundi wenzake wa miji mbalimbali waliubatiza Daftari.

Daftari lilikuwa la wote. Mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kubadilisha mchoro wa ile inveta yao, ila kwa sharti moja: ukigusa kitu, andika chini yake sababu, na chini ya sababu tia jina lako. Ndivyo walivyoijenga kwa miaka sita, huyu akipunguza joto la transista, vile vifaa vidogo vinavyosukuma umeme, yule akifupisha njia ya waya, mwalimu mmoja wa fizikia akisahihisha hesabu za wote huku akiwatania. Umeme uliokuwa ukipotea bure kama joto ukapungua kidogo kidogo, mpaka sehemu tisini na sita na nusu kati ya mia zilizotoka kwenye betri zikawa zinafika kwenye taa. Watu ishirini na watatu, na wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Mchango wa mwisho wa Vidole Tisa ulikuwa kipande cha karatasi. Kiini cha transfoma ni vipande viwili vinavyokutanishwa, na yeye alitaka katikati yake pawekwe karatasi ngumu, aliyokuwa akiikata kwenye kalenda za zamani. Aliandika: "Nimeweka karatasi hapa kwa sababu transista za upande mmoja zikisukuma zaidi ya za upande wa pili, hata kidogo, kiini hushiba sumaku, na mzigo mzito ukija transista hupasuka. Karatasi inakipa nafasi ya kupumua. Tutapoteza nusu ya sehemu moja katika mia, tushuke kutoka tisini na saba. Tukubali kuipoteza." Akatia jina. Miezi minne baadaye figo zilimshinda, akafa.

Sasa huyo mtu asiyesamehewa. Aliingia kwenye Daftari akiwa mwanafunzi wa uhandisi asiyejua hata kushika chuma cha kuchomelea, na Vidole Tisa akamshika mkono hatua kwa hatua, usiku na mchana akijibu maswali yake. Alimwita "Kaka mkubwa" kila sentensi. Vidole Tisa alipougua, akamkabidhi nywila ya Daftari alitunze. Kumbe alimkabidhi fisi bucha.

Habari zilikuja dukani kwa mkono wa wifi yake, mjane wa Vidole Tisa. Aliingia midomo ya Fundi Shaba ikiwa kwenye mzunguko wa mia na tisini, na hakujali.

"Wifi, hebu tazama hiki. Hii si ile ya mume wangu?"

Kilikuwa kijikaratasi cha kutangaza maonyesho ya inveta mpya. Yule mwanafunzi, siku hizi Mhandisi mwenye kampuni, picha yake amekunja mikono kifuani, na nyuma yake mchoro. Fundi Shaba aliutambua kama anavyoutambua mwandiko wa mama yake. Jina lililotiwa chini yake lilikuwa moja tu, la Mhandisi. Alifungua simu kutafuta Daftari, akakuta limefungwa. Mwenye nywila alikuwa amezima taa na kuondoka na ufunguo. Wale ishirini na watatu walifutwa kwa mpigo, na maiti akiwa mmoja wao.

"Alikuja msibani," wifi alisema. "Alikula kwangu. Alilia kuliko mimi."

Fundi Shaba hakulia. Kwa mara ya kwanza tangu azike aliona ana kazi ya kufanya. Alitaka jina la kaka yake lirudi pale lilipokuwa. Na zaidi ya hapo, tuseme ukweli, alitaka yule kijana aumie.

Aliupeleka mchoro karibu na dirisha, akausoma mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa kimenakiliwa sawasawa, hata kosa dogo la namba ambalo mwalimu wa fizikia alikuwa ameahidi kulirekebisha. Halafu akafika kwenye kiini, akasimama. Karatasi haikuwepo. Chini ya mchoro palijigamba kwamba inveta hii inafikisha sehemu tisini na saba kati ya mia.

Alielewa papo hapo, akacheka mpaka wifi akaogopa. Yule bwana alipofuta majina alifuta na sababu zilizokuwa juu yake, maana ziliandikwa pamoja. Baadaye, akiwa na mchoro mtupu mkononi, akaona kikaratasi kisicho na maelezo, akadhani ni ushamba wa mafundi wa mitaani, akakitoa. Akapata ile nusu yake.

"Zitaungua," Fundi Shaba alisema. "Taa zitawaka, redio italia, pasi itapata moto. Siku mtu akiweka friji, mota yake ikivuta umeme mwingi kwa ghafla ili iamke, zitaungua."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi?"

Kwa siku tatu alinyamaza, na ukimya huo ulimnogea. Lakini wifi alirudi tena, safari hii akisoma maandishi madogo ya nyuma ya kijikaratasi: baada ya maonyesho, mashine arobaini zingepelekwa kwenye zahanati, kuendesha friji za dawa. Hapo starehe yake iliingia mchanga. Mgonjwa hakumfuta mtu jina. Fundi Shaba aliamua kwamba inveta ile ni lazima iungue, ila iungue mbele ya watu, kabla haijafika popote. Na bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu majigambo ya Mhandisi hayakuwa na mpaka. Kwa herufi kubwa kijikaratasi kilisema: LETA CHOMBO CHOCHOTE CHA NYUMBANI KWAKO, TUTAKIWASHA.

"Wifi," alisema, "friji lako bado zima?"

Siku ya maonyesho waliingia ukumbini saa nne asubuhi wakisukuma friji kwenye mkokoteni, wanawake wawili waliovaa nguo zao za harusini, na watu wakawapisha wakidhani wanapeleka zawadi ya harusi na wamekosea ukumbi. Walipanga foleni kama wengine. Mbele yao mama mmoja alileta pasi, ikapata moto, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alileta redio. Mhandisi alikuwa amependeza, anazungumza na wafadhili wake, suti inamkaa. Fundi Shaba alimjua kwa picha tu, maana kwenye Daftari alikuwa jina na msibani wanaume walikaa nje, na yeye hakumjua Fundi Shaba kabisa. Wifi, ambaye angetambulika, alikuwa amejitanda mtandio mpaka puani.

"Karibu mama. Mmetuletea friji! Hawa ndio wateja."

"Tumesoma tangazo lako, mwanangu," Fundi Shaba alisema kwa sauti tamu ambayo wifi hakuwahi kuisikia. "Tukasema tusikuangushe."

Mhandisi akachomeka. Friji lilikoroma mara moja, kama mtu anayetaka kuamka, kisha ndani ya inveta pakalia paa, paa, na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya feni. Harufu ya transista iliyopasuka haifichiki. Mfadhili mmoja alirudi nyuma akiziba pua.

"Friji lenu ni bovu, mama," Mhandisi alisema haraka.

"Inawezekana."

Fundi Shaba alifungua kikapu chake, akatoa inveta kuukuu yenye kutu pembeni, akaiunganisha na betri ile ile, akachomeka friji lile lile. Likakoroma, likashika, likaendelea kunguruma taratibu. Mwenye pasi akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa.

"Hii ameitengeneza nani?" mfadhili aliuliza.

"Muulize huyu. Alikula kwenye msiba wake."

Mhandisi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamtazama na wifi aliyeshusha mtandio, macho yakamwiva. Ule wekundu wa macho yake Fundi Shaba aliubeba mpaka nyumbani, na mpaka leo akiwa na siku mbaya huutoa akautazama.

Jumatatu Mhandisi alikuja dukani. Wafadhili walikuwa wamempa wiki moja ya kurekebisha mashine. Alimkuta Fundi Shaba midomo inachezacheza, mzunguko wa kumi na mbili, na transfoma ile ilikuwa ya mizunguko mia mbili na arobaini. Akasimama. Hakuna kiti cha mgeni duka lile, na hata kingekuwepo asingekaribishwa. Fundi Shaba alipofika mia mbili na arobaini akakata waya, akafunga ncha, akapangusa miwani.

"Dada, naomba tuyamalize kifamilia," Mhandisi alisema. "Niambie tu kinachokosekana."

"Kiliandikwa. Wewe ndiye uliyekifuta. Fungua Daftari."

Mhandisi alilifungua pale pale, kwenye simu. Majina yote yakarudishwa, moja baada ya jingine, Fundi Shaba akiyahesabu kwa sauti mpaka ishirini na matatu. Kisha akadai nywila, akaibadilisha. Kisha akamwambia asome maelezo ya karatasi, tena kwa kutamka. Mhandisi alisoma. Akafika mpaka "tukubali kuipoteza."

"Haya, umegusa kitu na hukuandika sababu. Andika. Na utie jina, lile la kwenye vyeti."

Aliandika: "Karatasi iliondolewa kimakosa."

"Iliondolewa na nani? Panya?"

Alifuta, akaandika upya. Fundi Shaba alimrudisha mara nne. Mwishowe Daftari lilisomeka hivi, na bado linasomeka: "Niliitoa karatasi kwa sababu nilikuwa nimefuta jina la aliyeiweka na maelezo yake, nikajiita mwenye kazi. Mashine iliungua mbele ya watu." Chini yake, majina yake yote matatu.

Ndipo alipofungua droo, akampa kalenda ya zamani na mkasi. "Mashine arobaini, karatasi arobaini. Kata."

Inveta zilikwenda zahanati na friji za dawa zinafanya kazi. Hilo Fundi Shaba hulitaja kwa mkato, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mwaka ulipita. Asubuhi moja wifi alimkuta ameshika simu, hahesabu chochote. Mhandisi alikuwa ameandika. Kampuni ilikufa, anatafuta kazi, na kila anapoomba wanatafuta jina lake mtandaoni, na kitu cha kwanza wanachokiona ni ule mstari. Hakuomba msamaha wa maneno mengi safari hii. Aliomba jambo dogo tu: mstari ubaki, ila jina lake liondolewe. Alimalizia, "Nakuomba, dada. Nina mtoto sasa."

Wifi alisoma mara mbili, akashusha pumzi. "Mwondolee, wifi. Hata marehemu angemwondolea."

"Najua angemwondolea."

"Basi?"

Fundi Shaba alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akamwonyesha wifi yake kabla ya kutuma.

"Humu hatufuti jina la mtu."

Akatuma, akaweka simu kifudifudi, akavuta waya, midomo ikaanza kuchezacheza.