Paa Lililokuwa Nusu Jekundu

Kaka yangu mkubwa aliezua nyumba ya mama mchana, mvua za masika zikiwa zimeshaanza. Alipakia mabati kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akayapeleka sokoni Ogembo, akaezekea baa yake. Mama alipomuuliza yeye atalala wapi, alimtupia nyasi juu ya boriti zile zile na kumwambia kwamba nyasi ndizo zinazowafaa wazee, kwa sababu zina joto.

Mimi sikuwapo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na Kebirigo, upande wa Nyamira, nilikoolewa. Habari za nyumbani zilinifikia kwa watu waliokuja sokoni kwetu, na watu hupunguza habari mbaya wanapomletea binti wa mtu. Niliambiwa tu kwamba mama anakohoa.

Likizo ya Aprili ilipofika nikaenda. Nilipopinda kona ya mwisho nilitafuta paa letu sikuliona. Paa lile lilijulikana kote. Baba alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai ya Kericho, na alipostaafu alirudi na mabati, basi. Alianza kuyapaka rangi nyekundu, rangi ikamwishia katikati, kwa hiyo paa letu likawa nusu jekundu na nusu kijivu. Wageni walielekezwa njia kwa hilo. Baba alikufa kabla hajapata rangi nyingine.

Mama nilimkuta amejikunja kwenye kona ambayo haikuvuja sana, sufuria iko juu ya blanketi inapokea matone. Miguu ilikuwa imevimba ikang'aa. Alipumua kama mtu anayekoroma huku yuko macho.

"Umekuja," akasema. "Usimgombeze kaka yako."

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Majirani walitusaidia kumbeba kwa machela hadi barabarani, na mwenye pikapu ya ndizi akatufikisha hospitali ya misheni. Kwetu, kwa Kigusii, mama huitwa baba. Nilikuwa namwita hivyo pale kitandani, "Baba, nisikie, baba," mpaka muuguzi mmoja aliyetoka pwani akaniuliza mzee mwenyewe yuko wapi. Nilicheka, kisha nikalia, na yule muuguzi akanishika bega. Walisema ni nimonia, na moyo nao umechoka. Walimtibu vizuri. Baada ya majuma kadhaa alianza kuomba uji wa wimbi na kulalamika kwamba wa hospitali ni mwepesi, nikajua amepona.

Siku ya kumruhusu ilipokaribia, muuguzi yule aliniita kando.

"Mwalimu, anarudi wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Penye paa lile ulilonisimulia? Mimi dawa nimempa. Ukimlaza tena kwenye maji, utamleta hapa mara nyingine, na safari hiyo hatatoka kwa miguu yake."

Nilimwomba ampe siku chache zaidi, akanikubalia.

Kwangu Kebirigo mama asingeweza kukaa. Mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Mama angekubali kufa kuliko aibu hiyo. Nyumba za kutunzia wazee tulisikia tu kwamba Wazungu wanazo. Kwetu mzee alikuwa na watoto wake, na akijaliwa mtoto kama kaka yangu, alibaki na Mungu.

Nikaenda kwa kaka. Baa ilikuwa imejaa. Niliinua macho nikaona mabati ya baba, upande mmoja mwekundu, matundu ya misumari ya zamani yamezibwa kwa lami. Kaka alifurahi kuniona. Alifungua soda, akapangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Nimesikia ulimpeleka hospitali," akasema. "Umefanya vyema."

"Anatoka juma hili. Nimekuja kuuliza mabati utayarudisha lini."

"Dada, kaa kwanza. Hii biashara ikisimama, sisi wote tutakula. Na mama ni mzee. Amebakiza nini, hata tumwekee mabati mazuri namna hii?"

Alilisema kwa upole, kama mtu anayezungumzia mgomba uliokwisha kuzaa. Nilikunywa soda ile yote, polepole. Nilipoweka chupa mezani nilikuwa nimeshaamua.

Nilikwenda kwa chifu kwanza, ili baadaye mtu asiseme sikwenda.

"Mwalimu," chifu akaniambia, "wewe umeolewa Nyamira. Ya boma hili waachie wenye boma."

"Mwenye boma ni mama."

"Mwenye boma ni mwanawe wa kwanza. Nenda ukafundishe."

Nilijua anakokunywa pombe jioni, na nilijua halipi. Mume wangu, mtu mpole, alisema tukope mabati mapya dukani tumalize maneno. Nikakataa. Hakuelewa kwamba nilitaka yale yale, na kwamba nilitaka yang'olewe watu wakiwa wamekaa chini yake.

Akina mama wa kanisa letu la Sabato walikuwa wanamtembelea mama hospitalini kwa zamu, wakimletea ndizi na mboga za managu. Baa ile ilikuwa inawaudhi tangu zamani. Waume wa baadhi yao walikuwa humo. Niliwaeleza nia yangu. Mzee wa kanisa alisema tuombe kwanza. Wakaomba, na walipomaliza, mkubwa wao akafunga kitambaa kichwani na kuuliza, "Ngazi tunatoa wapi?"

Tulikwenda siku ya soko, jua likiwa utosini. Mama nilimtoa hospitali asubuhi hiyo, nikamkalisha kwenye kiti mbele ya duka lililotazamana na baa, shali mabegani. Hakujua tunachoendea. Nilitaka kila mtu amwone.

Mwanamke kupanda juu ya paa, wanaume wakiwa chini, ni jambo ambalo kwetu halikuwahi kuonekana. Wa kwanza alipokanyaga bati, kelele za baani zilikatika ghafla. Wengine walitoka mbio wakifunika macho, kwa kuwa aliyekuwa juu ni mama mkwe wa mmoja wao. Watu wa sokoni waliacha vikapu vyao wakaja. Shida yetu ilikuwa moja: misumari ilikataa. Kaka alikuwa ameigongomea sawasawa, na sisi tulikuja na majembe na mapanga.

Hapo ndipo mke wa kaka alipotoka mlango wa nyuma. Nilidhani anakuja kupigana nami. Alikuwa ameshika nyundo ya kung'olea misumari, ya mumewe. Alinipa mkononi bila kuniangalia usoni.

"Anza na upande mwekundu," akasema. "Huko aligongomea haraka."

Kaka alikuwa amekwenda kununua mzigo. Aliporudi, nusu ya baa yake ilikuwa inaona mbingu.

"Dada! Unaniua!"

"Sikuui," nikamjibu kutoka juu ya ngazi. "Nyasi zina joto. Katafute nyasi."

Watu walicheka, na kicheko kile nilikipenda kuliko chakula. Akageuka kumtafuta chifu. Chifu alikuwapo, nyuma ya umati, kofia mkononi. Kaka alipomwita kwa sauti, mama alisimama kutoka kwenye kiti chake, akishikilia ukuta wa duka, na wote wakaiona ile miguu yake, bado imevimba. Chifu akatazama miguu ile, akatazama watu, kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba mali ya mama irudishwe kwa mama, kana kwamba ndiye aliyetutuma.

Tulibeba mabati kichwani, mstari mrefu, hadi nyumbani. Mvua ya saa tisa ilinyesha kama kawaida yake. Niliambiwa meza za baa zilielea na masanduku ya sigara yakawa uji. Niliomba nisimuliwe mara mbili.

Mama hakunishukuru. Siku fundi alipomaliza kuezeka, aliketi ndani, akasikiliza mvua inavyogonga juu, akaniuliza, "Na yeye atakula nini sasa?"

"Atajua."

"Wewe una moyo mgumu."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Kwa huyo, ndiyo."

Sikuishia hapo. Shamba dogo la chai ambalo baba alimwachia mama, kaka alikuwa anachuma na kupeleka majani kwa namba yake mwenyewe ya mkulima. Nilikwenda na mama kwenye kituo cha kupimia chai, chifu yule yule akitutangulia, sasa akiwa na adabu nyingi, na mama akaandikishwa namba yake. Tangu hapo alikuwa na chumvi yake, mafuta yake ya taa, dawa zake, bila kumwomba mtu.

Baa haikufunguliwa tena. Mke wa kaka ndiye aliyekuwa akimpikia mama, nami nikahakikisha analipwa kwa kazi hiyo kutoka kwenye chai. Halafu kaka naye akaja, amekonda, akaomba kibarua cha kuchuma. Mama alitaka kumpa shamba lote siku ile ile. Nikamkatalia mbele ya kaka. Nikasema atalipwa kama mchumaji mwingine yeyote, kwa uzito wa kapu.

Mama aliishi miaka mingine mingi kuliko kaka alivyomkadiria. Alikuwa akimfichia kaka chakula chini ya kitanda, akidhani sijui. Mimi kila likizo niliweka kiti barazani asubuhi mapema, nikakaa hapo na chai yangu mpaka kaka apite na kapu mgongoni, na nilimsubiri yeye, mkubwa wangu, aniamkie kwanza.