Kijana Asiye na Mke wala Mtoto

Mama alipofariki, kikao cha familia kilikwisha kabla chai haijapoa. Ilikuwa siku ya kuanua matanga, wote tumechoka, na swali lilikuwa moja tu: nani atakaa na baba? Kaka ana kazi Dodoma na watoto wanne. Dada yuko kwa mume wake Mkalama. Baba mdogo akanitazama, shangazi akanitazama, hata jirani aliyekuwa anakusanya vikombe akasimama akanitazama. Mimi ndiye sijaolewa. Nilikuwa na kazi ya kuchapa na kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari mjini Singida, lakini kazi ya mwanamke asiyeolewa kwetu haihesabiki kuwa kazi, ni kitu cha kupotezea muda. Nikafungasha, nikarudi Mgori. Baba mwenyewe hakuulizwa, na yeye hakusema kitu.

Baba yangu si mtu wa maneno. Mama ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima, na alipoondoka aliondoka na mazungumzo yote. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama mbuzi wametolewa, basi. Siku moja kwa hasira niliyahesabu maneno yake tangu alfajiri mpaka alipokwenda kulala. Yalikuwa kumi na moja, na mawili kati ya hayo alimwambia mbwa. Tulikaa hivyo miezi mitano. Sikutaka makubwa. Nilitaka baba aongee na mimi, nijue kama ananitaka pale au ananivumilia tu.

Kwenye begi langu nilikuwa na bahasha ya karatasi nilizozitoa fotokopi mwenyewe, na dadu moja ya plastiki yenye pande ishirini. Ni mchezo niliojifunza chuoni Dodoma. Jumamosi tulikuwa tunakaa wanafunzi watano kuzunguka meza, mmoja anasimulia nchi ya majoka na wachawi, na sisi wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni anayemtembeza ndani ya nchi hiyo. Ukitaka mtu wako afanye jambo gumu, unatupa dadu, unajumlisha na stadi aliyonayo, unaona kama ameweza. Wenzangu walipenda mapigano. Mimi nilipenda kile kinachotangulia, kuijaza ile karatasi: mtu wako anajua nini, ametoka wapi, amelelewa na nani, kwa nini ameondoka kwao. Unapewa pointi kumi na mbili tu za stadi. Ukimpa shabaha, umemnyima kuimba. Naweza kukaa saa mbili nikihamisha pointi moja huku na huku, na sijawahi kujua raha nyingine kama hiyo.

Kwenye sehemu ya wazazi wote tulikuwa tunaandika yatima. Ilikuwa ndiyo njia rahisi, yatima hana wa kumuaga wala wa kumkataza safari. Mimi peke yangu niliwaua mama saba kwa penseli, na sikumlilia hata mmoja. Mimi na wenzangu wa chuo bado tuna grupu kwenye simu. Mara ya mwisho kuandikwa kitu humo ni pale nilipowaambia nimefiwa na mama. Wote walinipa pole, kila mtu kwa wakati wake, na baada ya hapo hakuna aliyeandika tena.

Alasiri moja, alizeti tumeshavuna na kazi imepungua, nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko nikatoa karatasi tupu. Nikafika kwenye wazazi. Mkono ukaandika yatima kwa mazoea. Nikafuta, nikaandika tena, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaichana. Baba alikuwa hatua chache kutoka kwangu, anatengeneza mzinga wa gogo wa kupeleka msituni. Akaiona ile dadu.

"Hiyo si kamari?"

"Siyo kamari, baba. Hakuna hela. Ni mchezo wa kutunga mtu."

"Kutunga mtu?"

"Unachagua anajua nini na ametoka wapi. Halafu unamtembeza."

Akaweka tezo chini, akavuta kigoda. "Haya. Nitungie na mimi wangu."

Nusura nidondoshe penseli. Nikamsomea orodha ya stadi, nikijua kabisa atachagua nini, kwa sababu kwenye orodha kulikuwa na kufuga nyuki, kufuata nyayo na kupanda miti, na hayo ndiyo maisha yake. Akatikisa kichwa.

"Hayo nayajua. Ya nini nimpe kitu ambacho mimi ninacho?"

Akachagua kusoma, pointi nne. Baba aliishia darasa la nne. Akachagua kuogelea, pointi mbili, na sijawahi kumwona akiingia ziwani zaidi ya magoti. Zikabaki sita. Akaniambia nimrudie zile za mwisho, nikamrudia, akanizuia kwa mkono.

"Hiyo ya maongezi. Weka zote."

Nikamtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikaandika sita, tukahamia kwenye maisha ya huyo mtu.

"Umri?"

"Ishirini na miwili."

"Ana mke?"

"Hana."

"Watoto?"

"Hana. Andika hana."

Kwa umri huo baba alikuwa ameshaoa, na kaka alikuwa ameshazaliwa. Niliandika hana, mara mbili. Mtu kapewa nafasi ya kuchagua upya kila kitu, na cha kwanza alichokitoa ni sisi. Nilinyanyuka bila kuomba ruhusa, nikaenda kusugua sufuria ambazo hazikuwa na uchafu wowote. Nilizigonganisha makusudi asikie. Usiku ule kila mtu alikula uso chini.

Kesho yake nilikuwa nimeapa kuichoma ile bahasha. Lakini alasiri ilipofika baba akaja mwenyewe na kigoda chake.

"Yule kijana hatembei leo?"

Hasira haikuwa imeniisha, ila nani angekataa? Nikaanza kumsimulia. Kijana ametembea siku tatu, amefika kwenye mji wenye ukuta, langoni amesimama mlinzi, mzee mwenye mkuki. Mzee huyo ni mimi, nikasema, na nikakohoa nikaifanya sauti nzito. Baba akajiweka sawa kwenye kigoda. Akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo."

Midomo ikanigoma. Kwetu shikamoo haifanyiwi mchezo. Mtoto kumwitikia baba yake marahaba ni jambo ambalo wangelisema sokoni mwaka mzima, na wangesema kwamba mji ndio ulioniharibu. Kosa lilikuwa langu, ningeweza kumweka mlinzi kijana langoni, wakasalimiana mambo, poa, wakapita. Mimi na wenzangu wa Dodoma tulikuwa tunaingia kwa wafalme bila hata hodi, kwa hiyo sikuwahi kufikiria kwamba mtu angeweza kumsalimia mlinzi wa kubuni kwa heshima ya kweli.

"Mzee haitikii?" baba akauliza.

"Baba, siwezi."

"Hapa mimi siyo baba yako. Mimi ni kijana wa watu, nimefika kwa mzee. Asiponiitikia nitapitaje?"

Nikatazama chini, kwenye miguu ya mbuzi, nikasema marahaba kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akarudisha kofia kichwani, ameridhika. Mlinzi ilibidi aulize, kama mzee yeyote angeuliza.

"Nyumbani umemwacha nani?"

"Hakuna."

"Kwa nini hakuna? Kijana mzima hivyo, hukuoa? Hukutaka mtoto?"

Sauti haikuwa ya mlinzi tena na sote wawili tulijua. Nikajificha kwenye sheria. Nikamwambia hilo ni jambo gumu kulieleza, lazima atupe dadu, apate kumi kwa kujumlisha na zile sita zake. Akaitikisa muda mrefu kwenye kiganja kama mtu anayechagua mbegu. Ikaanguka tatu.

"Tisa," nikasema. "Ameshindwa kusema."

Ningeweza kudanganya. Nilijuta palepale kwamba sikudanganya, kwa sababu baba ni mtu wa sheria, nikajua atanyanyuka arudi kwenye mzinga wake. Akaiokota dadu, akanirudishia mkononi.

"Basi huyo kijana kashindwa," akasema. "Nitasema mimi. Nikimpa mke, atamzika. Nikimpa mtoto, siku ya matanga wataitana, watamwambia aache kazi yake mjini aje kunichemshia uji. Siku ile mimi sikuulizwa. Ningeulizwa, ningekataa."

Mbuzi walikuwa wanalia, sikusogea.

"Ugali naweza kupika," akaendelea. "Usije ukanizeekea hapa, mwanangu. Rudi. Nikisikia uko vizuri, na mimi nitakuwa vizuri."

Miezi mitano nilikuwa nikiyasubiri maneno ya baba, na yalipokuja yalikuwa ya kuniaga. Alikuwa ananipenda, hilo sasa nililijua, na lilinichoma kuliko kutolijua. Chumba changu mjini kilishapata mpangaji. Dukani walishaweka msichana mwingine kwenye mashine. Tangu niondoke, hakuna mtu hata mmoja kule aliyepiga simu kuuliza nitarudi lini.

"Kule una watu?" baba akauliza. "Watu wako kabisa?"

"Ninao."

"Kina nani?"

Nikamtungia. Nikampa rafiki wa dukani ambaye tunakula pamoja kila mchana, mcheshi, anajua kushona, mama yake anatoka Issuna. Nikampa mama mwenye nyumba anayenigongea mlango nikichelewa kuamka. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo rafiki ni mtu wa kanisani, nikasema ndiyo, na akaniamini.