Madaraja Mawili Tu

“Humwambii,” nilisema.

“Namwambia.”

“Humwambii, Ferruccio. Mwenye duka ni mimi, na mwenye duka akisema neno humu ndani, limesemwa.”

“Duka ni lako, dada. Mdomo ni wangu.”

Mdomo! Miaka mitatu mdomo huo haujatoa zaidi ya “ndiyo” na “niongezee glasi”, na leo asubuhi, ukungu umelala juu ya mfereji kama sanda, ndipo umekumbuka kwamba una ulimi. Nilimsukumia sahani ya sadini za siki na vitunguu, maana mtu anayetafuna hawezi kuungama. Akanirudishia sahani.

Mwanamke tuliyekuwa tukimgombania alikuwa bado ndani ya treni. Jina lake Delfina, mjane, mtu wa milima ya Cuneo. Mara mbili amekuja huku Venisi mwezi wa kumi na moja, akakaa kwenye jiwe la daraja alipofia mumewe, kisha akaingia kwangu kupasha mikono, kwa kuwa duka langu la mvinyo liko pale pale chini ya ngazi za daraja. Safari hii aliandika barua, jirani akatusomea: anakuja kwa mara ya mwisho. Wanampeleka nyumba ya wazee. Mwanawe hatamsindikiza, mwanawe hamsemeshi, miaka miwili sasa, kwa sababu mama ndiye aliyemuua baba kwa kung’ang’ania hoteli ya mbali.

Hapo nilimwambia jirani basi, inatosha, nikaenda kukausha glasi. Sipendi barua ndefu. Ferruccio alibaki kusikiliza.

Mngemjua mdogo wangu huyu kabla hajaharibika! Mchukuzi wa mizigo stesheni, miaka arobaini na mmoja. Alivusha kinanda daraja la Rialto huku mpiga kinanda amekaa juu yake anapiga, wala hakukosea hata mara moja. Nilikuwepo, asiyeamini akakiulize kinanda. Siku nyingine alibeba kabati la askofu, akafika nalo ghorofa ya tatu, akasikia kikohozi ndani. Alikuwa askofu mwenyewe, amejificha asipande ngazi kwa miguu yake.

Lakini si mabega yaliyompa jina mjini. Ni hesabu. Wageni wa mara ya kwanza ni wale wale: wanatoka stesheni, wanaona maji, wanabaki midomo wazi, halafu wanaanza kugombana juu ya ngazi walale wapi. Huyu anataka karibu na San Marco kwa sababu ndiko alikokuona kwenye kalenda. Yule anataka dirisha juu ya maji, kana kwamba maji yanaimba, kumbe mwezi wa nane yananuka na mwezi wa kumi na moja yanaingia ndani bila hodi. Ferruccio alikuwa akiwaacha wachoke, kisha anasema: “Mambo ya nyota za hoteli siyajui, mama. Niambie magoti yako yana miaka mingapi, nami nitakuambia ulale wapi.” Anatazama begi, anatazama viatu, anahesabu. Kule madaraja matatu. Kule sita. Kule ni chini mno, utaamka viatu vinaelea. Huku kwetu hakuna kilomita, kuna madaraja. Bwana mmoja kutoka Ujerumani alimbishia, akaenda hoteli ya madaraja kumi na tisa. Nasikia hadi leo yuko la kumi na nne, anapumzika.

Hakukosea. Hata siku ile ya mume wa Delfina, ukimwuliza mtu yeyote aliyezaliwa hapa, atakuambia hakukosea.

Siku hiyo watu wa boti za abiria walikuwa wamegoma. Ngazi za stesheni zimefurika. Katikati yao mume na mke, wazee, mume mpana kama mlango wa ghala, uso mwekundu, na sanduku la zamani lisilo na magurudumu, limefungwa kwa kamba ya ng’ombe.

“Tulale hapa hapa,” mume alisema. Ndiye Battista. “Hoteli ile pale, naiona. Ina kitanda.”

“Miaka arobaini na mitatu nakungoja unilete,” Delfina alisema, “halafu nilale stesheni? Stesheni hata kwetu ipo.”

“Ya kwetu haina kitanda.”

“Hata wewe uliponichumbia hukuwa na kitanda, mbona nilikuja?”

Watu wakacheka. Ferruccio naye akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza, maana mkokoteni wake ulikuwa umejaa na angeweza kwenda zake. Akawaambia kuna hoteli ndogo karibu na uwanja wa San Giacomo. Pametulia, pako juu, maji hayafiki, na dirisha liko juu ya mfereji kama mama anavyotaka.

“Madaraja mawili tu,” alisema. “Hili la kwanza, unakata kulia hadi kivuko cha San Marcuola, unavuka, upande wa pili daraja moja dogo, umefika.”

“Mawili nitamudu,” Battista alisema.

“Ngoja nipeleke huu mzigo, nitarudi nikubebee sanduku.”

“Mimi nimebeba ndama, mzee, sembuse soksi za mke wangu.”

Wakaagana kwa kupeana mikono. 

Sasa kivuko, sisi hatukihesabu. Unasimama ndani ya gondola dakika mbili, unavushwa, ni kama kutoka jikoni kwako kwenda sebuleni. Na kila mtoto wa hapa anajua kwamba kwenye kivuko kile, ikigonga saa saba mchana, wavushaji hufunga gondola kwenye nguzo wakaenda kula, hawaonekani tena hadi kesho. Anajua kila mtu, kwa hiyo hasemi mtu. Nani humwambia mgeni kwamba jua huzama? Ferruccio hakusema.

Wazee wale walikaa kwanza wakanywa supu, Battista hakuwa na haraka, madaraja ni mawili tu. Walifika kivukoni karibu saa nane. Nguzo, ukungu, gondola zimefunikwa turubai. Wakamwuliza mpita njia, naye akawaelekeza kama tunavyoelekeza wote, kwa kidevu: nyookeni moja kwa moja. Moja kwa moja ya huku inazunguka mpaka Rialto halafu inarudi. Ni madaraja kumi na mawili. Kwenye la kumi na moja, hili la mlangoni kwangu, Battista alikaa juu ya sanduku, akamwambia mkewe: tangulia wewe uitafute hiyo hoteli, mimi nakuja. Delfina akatangulia. Akaipata. Aliporudi kumchukua, watu walikuwa wamejaa darajani.

Ferruccio alitokea upande wa pili na mkokoteni mtupu. Alilijua lile sanduku kwa kamba yake. Alimkuta yule mwanamke amepiga magoti anasema, “Niliambiwa mawili. Niliambiwa mawili, mimi ndiye niliyempoteza njia.” Na mdogo wangu, ambaye alibeba askofu, alivua kofia akasimama nyuma ya watu. Boti ya wagonjwa ilipofika alishika miguu wakaipandisha maiti. Delfina hakuinua macho kumtazama.

Kesho yake hakwenda stesheni. Hakwenda tena. Kisiwa chetu hiki kidogo kina kanisa, kina mwoka mikate, kina mimi, na tangu siku ile hajavuka daraja lolote kutoka humu. Delfina akija, yeye hujificha stoo, anakaa gizani na mapipa hadi aondoke.

“Mara mbili nimejificha,” alisema sasa. “Leo sijifichi.”

“Amekwisha kuzoea, Ferruccio. Jeraha lililozoea bandeji halifunguliwi kulichungulia.”

“Limeoza.”

“Wewe una pua ya kunusia jeraha la mtu aliye kwenye treni?”

“Atakufa akijua alimuua mumewe, Rina. Katika nyumba ya wazee, kati ya watu asiowajua.”

“Na wewe ukimwambia, mumewe atafufuka? Utavaa kofia yako uende stesheni? Umri huu, watakuita muuaji mpaka watoto wa mwoka mikate.”

“Waniite.”

Nilimjazia glasi, akaifunika kwa kiganja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa kuwa katika maisha yake yote Ferruccio hajawahi kuifunika glasi.

“Sikiliza,” nilisema, taratibu. “Mimi nilikwisha mtuliza. Nilimpa neno la kushikilia.”

“Nalijua neno lako. Stoo ina ukuta wa mbao.”

Mwaka ule wa kwanza Delfina aliniuliza kama nilikuwepo dukani, kama nilimwona mumewe zile dakika alizomwacha peke yake. Glasi ilikuwa inamgonga meno. Nikamwambia nilimwona kwa macho haya. Alikuwa amekaa anautazama mfereji, nikamwambia, anatabasamu, nami nikampungia mkono, naye akasema: pazuri hapa, mke wangu amechagua vizuri. Alinibusu mikono yote miwili. Mnataka ningesema nini? Kwamba siku ile nilikuwa ghorofani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto?

“Lilimpa usingizi neno lile,” nilisema.

“Ulisikiliza barua hadi mwisho?”

“Nilisikia ya kutosha.”

“Hukusikia.” Alisimama. Alipokaa alikuwa mzee, aliposimama alikuwa mchukuzi, kichwa karibu na boriti. “Alipofika kwao alimwendea mwanawe mbio, akamwambia neno lako kama zawadi. Baba alisema mama amechagua vizuri. Mwanawe akamjibu: basi hata baba alijua ni wewe uliyechagua. Toka siku hiyo, Rina. Toka siku hiyo ndipo hamsemeshi. Kabla ya hapo walikuwa wanakula meza moja.”

Nilitafuta kitambaa cha kufutia glasi, nacho kilikuwa mkononi mwangu.

“Unatunga,” nilimwambia.

“Mtungaji humu ni mmoja.”

“Mimi nilitaka apumzike!”

“Na mimi nilitaka apate dirisha lake! Wote tulitaka mema!” Alikuwa anapiga kelele sasa, miaka mitatu ikimtoka kwa mara moja, glasi zinalia rafuni. “Hoteli ile hakuichagua yeye. Niliichagua mimi, kwenye ngazi, nikicheka. Wala hakupoteza njia. Njia niliyompa haikuwepo. Kivuko kinafungwa saa saba na mimi sikumwambia, sikumwambia, nilimwacha ampeleke mumewe kwenye nguzo tupu, na wewe hukuwa hata—”

Akakatika hapo. Niliona ameacha kunitazama.

Ukungu ulikuwa umeingia dukani, baridi hadi kwenye vifundo vya miguu, maana mlango ulikuwa wazi, na sijui ulikuwa wazi tangu lini. Delfina alikuwa amesimama kizingitini, mkoba begani, kitambaa cha kichwani kimelowa. Nilifungua mdomo. Ningepewa dakika moja ningepata neno, sijawahi kukosa neno. Lakini aliniinulia kiganja ninyamaze, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa Ferruccio, yakingoja amalize.