Isale Aliipokea, Vidonge Akavikatalia

Saa moja asubuhi, ukungu ungali umelalia migomba ya Kirua Vunjo, Winfrida anafungua dirisha la duka la dawa anakofanya kazi na kukuta mteja amekwisha kufika. Ni Aminieli, mzee mkulima wa kahawa. Mkononi ameshika jani la isale.

Kwa Wachagga, anayekuja na jani hilo anaomba radhi, na anayeombwa hapaswi kukataa.

Jana mzee aliondoka hapa akifoka. Mgongo unamuuma tangu aanze kupogolea mibuni, naye alitaka diklofenaki. Winfrida akamwambia kwanza alete mfuko wenye dawa zake zote, kama anavyomwambia kila mwenye kisukari. Mzee alipouleta, Winfrida akazimwaga kwenye kaunta: za sukari, za moyo, za kupunguza maji mwilini. Kisha akavirudisha kabatini vidonge vya maumivu.

"Wewe binti, unauza dawa au unazifuga?" mzee alimkejeli mbele ya watu.

Winfrida ni mpole, ila kwa hili hatikisiki. Monica, mama yake, alikuwa na kisukari na moyo dhaifu. Jirani aliyekuja kumjulia hali alimletea ndizi, maziwa na vidonge vya maumivu vilivyomsaidia yeye mwenyewe. Wiki haikuisha, miguu ikavimba, pumzi zikabana. Hospitalini Moshi walielezwa kwamba vidonge vile hufanya mwili ushike maji, huziumiza figo na kuzipunguzia nguvu dawa nyingine. Mama hakurudi mlimani.

"Hakuna aliyemtakia mabaya, na hapo ndipo ninapoogopa," anasema Winfrida. "Huku tunapeana dawa kama tunavyopeana mkungu wa ndizi."

Msimamo huo umemfukuzia wateja. Mwenye duka alipolalamika, alimjibu kwamba yuko tayari kukabidhi funguo, lakini vidonge hivyo hatampa mgonjwa wa moyo.

Leo anamwamkia mzee shikamoo, anapokea jani kwa mikono miwili. Aminieli anatabasamu, ananyoosha kiganja.

"Haya, nipe sasa."

"Babu, ya jana nimekusamehe. Diklofenaki sikupi."

"Umepokea isale, Winfrida."

"Nimepokea. Na miguu yako nimeiona. Viatu havifungiki."

Mzee anaitazama miguu yake, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Jana nilimeza vya mke wangu."

Winfrida habishani tena. Anamwita Davis wa bodaboda, anamkabidhi mzee mfuko wake wa dawa na kuagiza apelekwe moja kwa moja kituo cha afya, auonyeshe mfuko wote, na hivyo vya mkewe avitaje.

Bodaboda ikishapotelea kwenye kona, anaeleza mpango wake: kupanda isale mlangoni mwa duka.

"Anayetaka kunibembeleza asihangaike kuitafuta," anasema. "Achume hapo, aingie, nimsamehe. Halafu anionyeshe mfuko."