Pipa la Kabichi Edmonton

Usinikodolee macho, msomaji, wewe hukuwako. Tulipofukuzwa Uganda sisi Wahindi tukamwagwa Landani, nilipanga Edmonton nyumba moja na mama wa Kislovakia. Jikoni aliweka pipa la kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, kaikanyaga kwa miguu yake mwenyewe, kama wafanyavyo kijijini kwao.

Asubuhi moja mwenye nyumba aliingia kaziba pua kwa leso. "Uchafu huu utoke leo, au utoke wewe."

"Si uchafu," akajibu yule mama. "Kwetu ni bondeni, milima pande zote, theluji hadi dirishani. Vitani Wajerumani walichoma kijiji kizima, tukakimbilia msituni. Tuliporudi, mapipa yalikuwa mazima kwenye mashimo chini ya majivu. Hayo ndiyo yaliyotuvusha baridi."

"Kijiji chenyewe hata kwenye ramani hakimo."

"Wajerumani walikiona."

Mwenye nyumba akanigeukia akitabasamu. "Wewe mstaarabu, mwambie mwenzio."

Mstaarabu! Mtu akikusifu hivyo, jua anataka umsaidie kumtupa mwenzio nje. Kesho atamtafuta wa kukutupa wewe. Nilipanda chumbani, nikateremka na sanduku langu, achari yangu ya embe ndani. Nikashika upande mmoja wa pipa.

"Dada, tunakwenda wapi?" akauliza yule mama.

"Wembley, mtaa wa Wahindi wenzangu, kwa binamu yangu. Huko watu wanakula."

"Kwa baridi hii? Mtarudi!" mwenye nyumba akapiga kelele.

Mama akashika upande wa pili, tukatoka na pipa, nikaubamiza mlango kwa kisigino.